Maisha ya Bibi C. J. Walker, Dobi Aliyegeuka Msusi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukiwauliza wanafunzi wa Kidato cha Nne wanataka kazi gani, utasikia udaktari, uhandisi, sheria na ualimu. Ni nadra kumsikia hata mmoja akitaja ususi. Wengi huidhani kazi ya saluni kuwa ni ya yule aliyeshindwa masomo. Na mtu mzima akiacha kazi yake ya zamani ili afungue saluni, majirani husema kwamba ameishiwa. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuwaelezeni wasomaji wa gazeti letu habari za Bibi C. J. Walker wa Marekani. Mama huyu aliianza kazi ya nywele akikaribia umri wa miaka 40, baada ya kufua nguo za watu kwa miaka mingi.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, mahali paitwapo Delta, katika jimbo la Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba. Utumwa ulikomeshwa katika nchi nzima mwaka 1865, hivyo Sarah alikuwa wa kwanza kati ya ndugu zake kuzaliwa huru. Lakini uhuru haukuleta chakula mezani. Alipotimiza miaka 7, baba na mama walikuwa wamekwisha kufa. Akalelewa na dada yake, wakavuka Mto Mississippi kwenda mji wa Vicksburg kutafuta kazi. Shemeji yake alikuwa mtu mkali, na Sarah akaolewa akiwa na miaka 14 tu, ili apate nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1885 alimzaa mtoto wake wa pekee, Lelia. Miaka miwili baadaye mumewe alifariki, naye akabaki mjane wa miaka 20, mwenye mtoto mgongoni, na shule aliyoipata haikuzidi miezi michache.

Ndugu zake wa kiume walikuwa vinyozi katika mji wa St. Louis, basi akawafuata huko. Kazi aliyoipata ilikuwa ya udobi. Siku hizo hapakuwa na mashine katika nyumba za maskini. Maji yalichotwa na kuchemshwa, nguo zikatiwa katika pipa, zikasuguliwa juu ya kibao kwa sabuni kali ya magadi, kisha zikasuuzwa, zikaanikwa na kupigwa pasi ya moto. Ujira wake ulikuwa karibu dola 1.50 kwa siku. Juu ya hayo, alidunduliza senti zake mpaka akaweza kumpeleka Lelia katika chuo cha Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Yeye mwenyewe hakujua kusoma vizuri, lakini hakukubali binti yake arithi lile pipa la kufulia.

Baadaye alipokuwa mashuhuri alisimulia habari ya siku moja alipokuwa ameinama juu ya kibao chake. Aliitazama mikono yake ndani ya povu, akajiuliza atafanya nini siku mgongo wake utakapokakamaa, na ni nani atakayemtunza binti yake. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Hakupata jibu siku ile, lakini swali lenyewe halikumtoka tena.

Wakati huo huo alikuwa na taabu nyingine: nywele zake zilikuwa zikinyonyoka. Haikuwa ajabu, kwa kuwa wanawake wengi maskini walikuwa na taabu hiyo. Nyumba zao hazikuwa na maji ya bomba, na nywele zilioshwa mara chache sana. Sabuni ilikuwa kali, chakula kilikuwa duni, na mba na magonjwa mengine yalishambulia ngozi ya kichwa. Mwanamke aliyenyonyoka nywele alijifunga kitambaa na kuona haya mbele za watu. Sarah alijaribu dawa nyingi, na kati ya hizo zilikuwamo dawa za Bibi Annie Turnbo, mwanamke Mweusi aliyekuwa ametangulia katika biashara hiyo. Kisha akawa mmoja wa wauzaji wake. Hivyo hakuingia katika kazi mpya kwa kurukia. Alijifunza kwanza kwa mtu mwingine, huku akiendelea na kazi ya kumpatia riziki.

Mwezi wa Julai, 1905, alihamia mji wa Denver, katika jimbo la Colorado. Alikuwa na miaka 37, na akiba yake haikufika dola 2. Alipata kazi ya upishi, na wakati wa nafasi akachanganya dawa zake mwenyewe na kuzipeleka mlango kwa mlango. Yeye alikuwa akisema kwamba aliota ndoto, na katika ndoto hiyo mtu mmoja Mweusi alimwonyesha vitu vya kuchanganya, vingine vikiwa vinaota Afrika. Wataalamu waliochunguza dawa hiyo wanasema kwamba kitu kikubwa ndani yake kilikuwa salfa, iliyochanganywa na mafuta ya mgando. Na salfa ilikuwa imetumika tangu zamani kutibu magonjwa ya ngozi. Bibi Turnbo alilalamika kwamba ameigwa, na tangu hapo wanawake hao wawili wakawa washindani.

Mwezi wa Januari, 1906, Sarah aliolewa na Bwana Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti. Kutoka kwake alipata jina la Madam C. J. Walker, ambalo liliandikwa juu ya kila kopo pamoja na picha yake mwenyewe. Wakasafiri miji mingi ya kusini na mashariki, yeye akisimama makanisani na katika kumbi kuonyesha kazi yake. Mwaka 1908 alifungua chuo cha ususi mjini Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis, mji wenye njia nyingi za reli, akajenga kiwanda, na papo hapo akafungua saluni. Yeye na Bwana Walker walitofautiana juu ya biashara hiyo na mambo mengine, wakaachana mwaka 1912. Lakini jina alibaki nalo.

Watu wengi husema kwamba Bibi Walker ndiye aliyevumbua chanuo la moto la kunyooshea nywele. Si kweli, chanuo la namna hiyo lilikuwa likitumiwa Ulaya kabla yake. Jambo alilolianzisha ni utaratibu. Katika saluni zake nywele zilioshwa kwanza kwa sabuni laini, ngozi ya kichwa ikasuguliwa kwa vidole na kupakwa dawa, kisha nywele zikatiwa mafuta na kuchanwa kwa chanuo lililopashwa moto. Vyombo vilitakiwa viwe safi, na msusi naye awe nadhifu na mwenye maneno mazuri. Wako waliomlaumu kwamba anataka watu Weusi wafanane na Wazungu. Yeye alijibu kwamba kazi yake ni kuziponya nywele ziote.

Nadhani ukubwa wa mama huyu haukuwa katika kopo la dawa. Ulikuwa katika wale aliowafundisha. Hakuwasahau wanawake aliowaacha kwenye mapipa ya kufulia. Aliyefunzwa naye alipewa hati, akaweza kufungua saluni nyumbani kwake na kuuza dawa kwa faida. Wakala mmoja alimwandikia kwamba sasa mwanamke Mweusi aweza kupata fedha nyingi kuliko alizopata katika jiko la mtu. Mwaka 1917 wasusi wapatao 200 walikutana mjini Philadelphia katika mkutano wao mkuu wa kwanza. Aliwapa zawadi waliouza sana, na waliotoa msaada mwingi katika miji yao nao wakapewa. Kampuni ilisema kwamba imekwisha kufundisha wanawake karibu 20,000.

Heshima haikumjia bure. Mwaka 1912 alikwenda Chicago katika mkutano wa wafanyabiashara Weusi, ulioongozwa na Bwana Booker T. Washington, mwalimu aliyejulikana nchi nzima. Bibi Walker alitaka kusema, asipewe nafasi. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa, akawaeleza wakubwa wale kwamba ametoka katika mashamba ya pamba, akapita katika udobi na upishi, na kwamba kiwanda chake amekijenga katika ardhi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alialikwa kama mmoja wa wasemaji wakuu. Katika mji wake mwenyewe, mwaka 1915, aliuziwa tiketi ya sinema kwa senti 25 badala ya 10, kwa kuwa alikuwa Mweusi. Aliishitaki sinema hiyo mahakamani. Baadaye kampuni yake ilijenga jumba lenye ukumbi wa michezo mjini humo. Lilifunguliwa mwaka 1927, yeye akiwa amekwisha kufariki, na lingali limesimama.

Fedha zake hazikuishia katika nguo na magari, ingawa alivipenda vyote viwili. Mwaka 1911 aliahidi dola 1,000 kwa ujenzi wa nyumba ya vijana Weusi ya YMCA mjini Indianapolis. Mwezi wa Julai, 1917, watu Weusi wengi waliuawa katika ghasia za East St. Louis, naye akawa katika ujumbe wa viongozi wa Harlem uliokwenda Washington kumwona Rais Wilson. Rais hakuwapokea. Mwaka 1919 aliahidi dola 5,000 za kupinga mauaji ya watu Weusi waliokuwa wakinyongwa na makundi bila kuhukumiwa.

Mwaka 1918 alihamia katika nyumba kubwa huko Irvington, karibu na New York, iliyochorwa na Bwana Vertner Tandy, msanifu Mweusi. Hakukaa humo muda mrefu. Madaktari walikuwa wamemwonya juu ya shinikizo la damu na figo, lakini hakupenda kupumzika. Katika masika ya mwaka 1919 aliugua akiwa safarini St. Louis, mji ule ule wa kibao chake cha kufulia, akarudishwa nyumbani kwa gari moshi. Alifariki tarehe 25 Mei, 1919, akiwa na umri wa miaka 51. Mali yake ilikadiriwa kuwa dola 600,000 hivi, na katika wasia wake aliagiza theluthi mbili za faida ya baadaye ziende katika kazi za kusaidia watu.

Ndugu wanafunzi, tukihesabu tutaona kwamba kazi iliyomfanya Bibi Walker akumbukwe ilichukua miaka kama 14 tu ya maisha yake. Miaka 37 ya kwanza haikupotea. Udobini alijifunza kuamka mapema, kuweka akiba, na kuwajua wanawake maskini na haja zao, na hao ndio waliokuwa wanunuzi wake wa kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama miaka mingi, kisha akainuka na wenzake.

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani, na wengine wetu tunaogopa kana kwamba siku ya matokeo ndiyo itakayoandika maisha yetu yote. Mtihani ni jambo kubwa, na tusome kwa bidii. Lakini maisha hayaandikwi kwa siku moja. Nanyi wazazi wetu, mkiwa mmechoshwa na kazi ya zamani na mna wazo jipya, msituhofie sisi watoto kwamba tutaona haya. Na sisi ambao kanuni ya shule inatutaka tunyoe nywele fupi, tutakapofunga shule na kuingia saluni za mijini kwetu, tumsalimu msusi kwa heshima. Hatujui alifua nguo ngapi kabla ya kufungua mlango ule.