David Ricardo na Suala la Mashine

David Ricardo alizaliwa London mwaka wa 1772. Alitajirika katika soko la hisa na mwaka wa 1819 akawa mbunge. Awali alishikilia kwamba mashine humnufaisha kila mtu kwa kuwa hushusha bei. Hata hivyo, mwaka wa 1821, katika toleo la tatu la kitabu chake cha uchumi, aliongeza sura iliyoikana kauli hiyo: faida ya tajiri yaweza kukua ilhali fungu la kuwaajiri vibarua linapungua. Rafiki yake McCulloch alifadhaika. Ricardo hakutaka mashine zizuiwe, akihofia mtaji ungehamia ng'ambo. Alifariki mwaka wa 1823. Katika enzi hii ya tarakilishi, swali la fungu la mfanyakazi lingali linadai jibu.