Jacques Anquetil: bingwa aliyekanyaga pedali kinyume cha mafunzo

Saratani ya tumbo ilipomwondoa duniani Jacques Anquetil mjini Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 18 Novemba 1987, alikuwa na umri wa miaka 53. Ndiye mtu wa kwanza kushinda mbio za Tour de France mara 5. Hata hivyo, wajuzi wa mchezo wa baiskeli hawajaacha kubishana kuhusu jambo dogo zaidi ya hilo: namna alivyouweka wayo wake juu ya pedali.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1934 karibu na Rouen, akakulia katika kijiji cha Quincampoix, ambako baba yake alilima stroberi. Alijifunza kazi ya kukereza vyuma kabla ya kuiacha kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1953, akiwa na miaka 19 tu, alishinda Grand Prix des Nations, mbio ambazo kila mwendeshaji huondoka peke yake na kushindana na saa. Angezishinda mara 8 zaidi.

Walimu wa zama zile walifundisha kwamba kisigino kishuke mguu unaposukuma na kiinuke unaporudi, ili kifundo cha mguu kifanye kazi katika duara lote na nguvu isipotee. Anquetil hakulifuata somo hilo. Vidole vyake vilielekea chini mzunguko mzima, kisigino kikabaki juu, mgongo ukalala bapa, naye akazungusha gia nzito pasipo kuyumba. Watazamaji walidhani hachoki. Kwa kweli aliumia kama wenzake, ila maumivu hayakuonekana.

Ugumu wa pedali uko mahali pawili, inapofika juu kabisa na inapofika chini kabisa, kwani hapo kusukuma kwenda chini hakuzai mwendo. Ndiyo maana wengi waliamini kwamba mguu unaorudi lazima uivute pedali juu. Vipimo vya maabara vya miaka ya baadaye viliitia shaka imani hiyo: waendeshaji walioagizwa kuvuta waligawa nguvu vizuri zaidi katika duara, lakini miili yao ilitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ileile kuliko walipoachiwa mtindo wao wenyewe. Hilo halithibitishi kwamba kisigino cha juu kinamfaa kila mtu. Linaonyesha tu kwamba waliomwacha Anquetil bila kumrekebisha hawakukosea.

Tarehe 29 Juni 1956, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, alikwenda kilomita 46.159 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya Fausto Coppi iliyodumu zaidi ya miaka 13. Yake haikufikisha miezi mitatu. Mwaka uliofuata alitwaa Tour de France, kisha akaitwaa mfululizo kuanzia 1961 hadi 1964.

Ubanifu huohuo wa nguvu ulimnyima mapenzi ya watu. Alijenga ushindi wake katika mbio za saa, na milimani alitumia kiasi kilichohitajika tu. Wafaransa wakampenda Raymond Poulidor, aliyehangaika waziwazi. Mwaka 1964, kwenye mlima wa Puy de Dôme, wawili hao walipanda bega kwa bega hadi Anquetil akaachwa karibu na kilele. Alibaki na jezi ya njano kwa sekunde 14, na mjini Paris akashinda kwa sekunde 55.

Mwaka 1967 alirudi Vigorelli, akafikisha kilomita 47.493. Alikataa kutoa mkojo wa kupimwa papo hapo uwanjani, na rekodi haikuidhinishwa. Matumizi ya dawa za kuongeza nguvu hakuyaficha. Aliyatetea hadharani, na doa hilo halitenganishwi na jina lake. Alistaafu mwaka 1969, akageukia kilimo huko Normandie. Baiskeli aliipanda mara chache mno tangu hapo.