Siku Nahodha Aliposahau Ubaharia

Wahenga walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wasia huo twaukumbuka kila tusikiapo sifa za Knute Rockne, mwalimu wa mpira wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1931. Mpira huo si ule wauchezao vijana wetu kwa miguu. Wachezaji wake huushika mikononi mpira wenye umbo la yai, wakakimbia nao au wakaurusha, hali wapinzani wao wakijitahidi kuwaangusha chini. Sifa za Rockne nyingi ni za haki. Walakini sisi twapenda kueleza deni alilokuwa nalo kwa vyuo vidogo, na siku moja alipolisahau.

Chuo cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile lililoleta wamisionari wake Uganda mwaka 1958. Kwa miaka mingi kilikuwa chuo kidogo, na mchezo huu ulikuwa mgeni kwa wanafunzi wake. Mnamo tarehe 23 Novemba 1887, vijana wa Chuo Kikuu cha Michigan, chuo chenye jina kubwa, walifika kuwafundisha. Miongoni mwao walikuwamo wawili waliopata kusoma Notre Dame hapo zamani. Kwanza waliwaonyesha wenyeji jinsi ya kucheza, kisha wakashindana nao, Michigan ikashinda kwa alama 8 kwa 0. Hivyo ndivyo mbegu ilivyopandwa: mkubwa alikubali kumshika mdogo mkono.

Rockne naye alianzia chini. Alizaliwa Voss, katika nchi ya Norway, mwaka 1888, na jamaa yake ikahamia Chicago mwaka 1893. Alifanya kazi ya posta kwa miaka kadhaa, akiweka akiba ya masomo, hata akaingia Notre Dame mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa mhamiaji, tena Mlutheri, katika chuo cha Kikatoliki, lakini mlango haukufungwa mbele yake.

Mwaka 1913 alifika pale mwalimu mpya, Jesse Harper, akitokea Wabash, chuo kidogo cha jimbo hilo hilo. Harper alipata kucheza katika Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Amos Alonzo Stagg, mmoja wa walimu wakuu wa mchezo huo, na maarifa ya Stagg aliyachukua kila alikokwenda. Basi hekima ya Chicago ilipitia Wabash kabla ya kufika Notre Dame. Kiangazi cha mwaka ule Rockne na mwenzake Gus Dorais walifanya kazi Cedar Point, kando ya Ziwa Erie, na huko mchangani walijizoeza kurusha na kudaka mpira. Kuurusha mpira mbele kulikuwa kumeruhusiwa tangu mwaka 1906, wala hao wawili hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Lakini tarehe 1 Novemba, walipowashinda vijana wa chuo cha jeshi cha West Point kwa alama 35 kwa 13, watu wengi waliona kwa mara ya kwanza nguvu ya mbinu ile.

Rockne alimaliza masomo mwaka 1914, akabaki chuoni kumsaidia Harper, na mwaka 1918 akashika mahali pake. Katika miaka 13 timu yake ilishinda michezo 105, ikashindwa 12, na mitano ikaenda sare. Mwezi wa Novemba 1925, baada ya kuishi miaka mingi kati ya mapadre na wanafunzi Wakatoliki, alipokea Ubatizo.

Sasa twaja kwenye siku ile. Mwaka 1926 timu ilikuwa haijashindwa hata mara moja. Tarehe 27 Novemba iliwapasa kucheza na Carnegie Tech, chuo cha ufundi cha mjini Pittsburgh, na mchezo huo ulionekana mwepesi. Rockne hakwenda. Aliwaachia wasaidizi wake kazi, yeye akaenda Chicago kutazama mchezo mkubwa wa vyuo viwili vya kijeshi, kile cha nchi kavu na kile cha majini. Jioni habari ikaja: Carnegie Tech imeshinda kwa alama 19 kwa 0. Mwalimu wa timu hiyo, Walter Steffen, alikuwa hakimu mjini Chicago, na katika ujana wake alicheza chini ya Stagg yule yule. Kisima kilichomnywesha Harper kilikuwa kimemnywesha Steffen pia. Huo ndio mchezo pekee ambao Notre Dame ilishindwa mwaka ule, nao uliondoa nafasi ya kumaliza mwaka bila doa.

Hatuandiki haya ili kumvunjia heshima marehemu. Ni nani kwetu ambaye hajapata kuacha wajibu mdogo wa nyumbani kwa kuvutiwa na shughuli kubwa ya mjini? Tena Rockne aliendelea kufanya kazi kwa bidii hata alipougua. Mwaka 1929, miguu ikimwuma vibaya, alifundisha akiwa amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu, na timu yake haikushindwa mchezo wowote mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Na lile deni lilipata kulipwa. Dorais alikwenda mwaka 1914 kufundisha katika chuo cha Kikatoliki cha Dubuque, kiitwacho leo Loras. Mwaka 1925 Elmer Layden, mwanafunzi mashuhuri wa Rockne, alianza kazi ya ualimu katika chuo hicho hicho, akaenda Duquesne, na mwaka 1934 akarudi kuiongoza Notre Dame yenyewe. Mwenzake Harry Stuhldreher alikwenda Villanova. Chuo kikubwa kikawapa wadogo walimu, na mmojawapo wa walimu hao akakirudia akiwa amekomaa.

Rockne hakuyaona marejeo hayo. Tarehe 31 Machi 1931 ndege aliyopanda ilianguka karibu na Bazaar, katika jimbo la Kansas, wakafa watu wote 8 waliokuwamo. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Wazazi wanaowapeleka watoto wao katika shule ndogo za vijijini wasione haya, na waliosoma katika shule kubwa wasijivune. Aliyefikia unahodha alifunzwa na mabaharia, na yampasa kurudi kuwafunza wengine.