Oberlin, Mchungaji Aliyebeba Sururu



Neno upendo halikosi katika makanisa yetu. Korali zinaliimba, sisi wachungaji tunalihubiri kwenye ndoa na kwenye msiba. Lakini mtume Yohana, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, mstari wa 18, anatukumbusha kwamba kupenda kwa maneno peke yake hakutoshi, tunapaswa kupenda kwa matendo. Basi upendo wa namna hiyo unaonekanaje siku ya juma, wakati ibada imekwisha na watu wamerudi mashambani na sokoni? Ili tujibu, tunapenda kuwasimulia maisha ya mchungaji mmoja wa zamani. Katika shule za theolojia tunajifunza sana habari za Luther na Calvin, lakini yeye hatajwi mara nyingi. Jina lake ni Jean-Frédéric Oberlin.

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, katika jamaa ya Walutheri. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana huyu alisoma theolojia hapo mjini, na alikuwa karibu kwenda kuwa mchungaji wa askari. Ndipo mchungaji mwingine, jina lake Stuber, akaja kumtafuta. Stuber alikuwa anatumikia katika bonde moja la milima ya Vosges, linaloitwa Ban de la Roche, na alihitaji mtu wa kushika nafasi yake. Hakumficha kitu. Alimweleza kwamba ni mahali pa baridi kali, udongo ni mbaya, watu ni maskini sana, na njia hakuna. Oberlin akakubali. Mwaka 1767, akiwa na miaka 26, alifika katika kijiji cha Waldersbach. Parokia yake ilikuwa na vijiji vitano: Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach.

Sisi tunaoishi milimani huku mashariki tunaweza kuelewa upesi alichokikuta. Ili kufika Strasbourg kuuza mazao au kununua chombo cha kazi, mtu alipaswa kupita kwenye miamba, kisha kuvuka mto Bruche kwa kukanyaga mawe. Mvua ikinyesha sana, au theluji ikianguka, bonde lilifungwa. Mkulima hakuwa na pa kuuzia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulima zaidi ya chakula cha nyumba yake. Jembe likivunjika, kazi ilisimama. Wazazi hawakuwa na feza za kulipia masomo ya watoto.

Oberlin aliwaita watu wake akawaambia kwamba watatengeneza njia wao wenyewe, pamoja na daraja juu ya mto. Walikataa. Waliona kazi hiyo inawazidi nguvu, na kila mmoja alikuwa na shamba lake la kuangalia. Hakuwahubiria mara ya pili. Alichukua sururu begani, akaenda kuanza kupasua mwamba yeye mwenyewe. Walipomwona mchungaji wao anatoka jasho kwenye mawe, waliona haya, wakaenda kuchukua vyombo vyao. Njia ikapatikana, na daraja likajengwa. Walilipa jina la Daraja la Upendo. Kwetu tungeiita kazi hiyo salongo, lakini ilikuwa salongo ambayo aliyeiamuru alitangulia kushika chombo.

Njia ilipofunguka, alileta vyombo vya kilimo kutoka mjini na kuwapa watu kwa bei ya kununulia, hata kwa deni. Alichagua vijana akawatuma Strasbourg kujifunza ufundi: kujenga, useremala, kufua chuma. Walirudi wakawa mafundi wa bonde lao. Viazi ulaya, vilivyokuwa chakula kikubwa cha watu hao, vilikuwa vimeharibika mbegu na mavuno yalikuwa kidogo. Oberlin alitafuta mbegu mpya, akazijaribu kwanza katika shamba lake, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuona. Alifundisha kutengeneza mbolea na kupanda miti ya matunda. Aliwatunza pia wagonjwa, kwa sababu alikuwa amejifunza mambo ya dawa.

Alianzisha pia sanduku la kukopesha bila faida. Lilikuwa tofauti kidogo na likirimba yetu, lakini nia inafanana: mtu aliyebanwa na deni apate pa kupumulia. Masharti yalikuwa magumu. Aliyechelewa kurudisha alipoteza haki ya kukopa tena kwa muda. Oberlin alijua kwamba kumwacha mwenzako azoee kutolipa si kumpenda.

Jambo lake linalojulikana zaidi ni la watoto wadogo. Wazazi walipokwenda shambani, watoto walibaki wakizurura. Huko Belmont msichana mmoja, Sara Banzet, alikuwa anawakusanya nyumbani na kuwafundisha kushona sweta kwa sindano za mkono. Oberlin aliiona kazi hiyo na kuitambua. Yeye na mke wake, Madeleine-Salomé, waliweka vyumba vyenye moto vijijini, na wanawake wa kuviongoza. Watoto walifundishwa kushona, kuimba, majina ya mimea, hadithi za Biblia kwa picha, na lugha ya Kifaransa, maana nyumbani walisema lugha ya bonde tu. Wengi huhesabu vyumba hivyo kuwa kati ya mwanzo wa masomo tunayoita leo maternelle. Tuone vizuri: wazo halikutoka kwa mchungaji. Lilitoka kwa msichana wa kijijini, na mchungaji alikuwa na macho ya kuliona.

Mwaka 1783 mke wake alifariki, akaacha watoto. Katika nyumba ile kulikuwa na msichana wa kazi, Louise Scheppler, mzaliwa wa Bellefosse. Alikuwa ameingia angali kijana sana, na alikuwa mmoja wa waliowafundisha watoto wadogo, akipanda na kushuka milima katika baridi. Baada ya msiba alishika nyumba yote na kulea mayatima. Baada ya miaka kadhaa aliomba asilipwe tena mshahara, bali ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba. Oberlin alikubali, na alipokaribia kufa aliwaachia watoto wake maagizo wamtunze Louise kama dada yao. Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo kubwa ya wema. Mtumishi wa jikoni aliheshimiwa na wakubwa wa Paris, lakini jamaa ya mchungaji ilikuwa imemheshimu kabla yao.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 na 1794 ibada zilifungwa mahali pengi. Oberlin aliendelea kuwakusanya watu wake kwa namna iliyoruhusiwa, na nyumba yake ikawapokea waliokimbia hatari. Mwaka 1794 yeye mwenyewe alikamatwa, lakini utawala wa Robespierre ulianguka siku hizo hizo, akaachiliwa baada ya muda mfupi. Katika miaka hiyo serikali ilichapa noti nyingi za karatasi, zikapoteza thamani mpaka zikawa si kitu. Wazee wetu waliokumbana na zaïre za miaka ya 1990 hawahitaji maelezo. Oberlin aliona vibaya kwamba maskini wabaki na hasara hiyo. Alianza kuzikomboa noti zilizokuwa mikononi mwa watu wa parokia yake, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Hakuna sheria iliyomlazimisha.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye amri nyingi, na pengine aliwaongoza watu wazima kama watoto. Lakini walimwita Papa Oberlin, na hawakumwita hivyo kwa kuogopa. Inasimuliwa kwamba aliandika majina ya watu kwa chaki ili asisahau kuwaombea mmoja mmoja. Alikaa katika bonde lile miaka 59, wala hakutafuta parokia yenye feza. Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa na miaka 85, akazikwa Fouday. Wakatoliki wa jirani walikuja kumlilia pamoja na watu wake. Miaka saba baadaye, huko Marekani, Wakristo walianzisha mji na chuo wakavipa jina lake. Kuanzia mwaka 1835 chuo hicho cha Oberlin kilipokea wanafunzi weusi, wakati utumwa ulikuwa bado unaendelea katika nchi ile.

Wapendwa, maisha haya yanatuuliza sisi wa mashariki. Tumezoea kusubiri mradi. Njia ya kwenda soko imekatika, tunasubiri shirika. Watoto wanazurura wakati mama zao wako shambani, tunasubiri mfadhili. Ni kweli serikali ina deni kwetu, na kudai haki hiyo ni vizuri. Lakini katika vita hivi, jamaa ngapi zimewapokea wakimbizi katika chumba kimoja na kugawana nao sombe na ugali, bila kusubiri mtu yeyote? Huo ni upendo wa Oberlin, na tayari uko kwetu.

Tunajiuliza pia juu ya msichana anayetusaidia kazi nyumbani. Je, anakula nasi, au anakula mabaki? Mshahara wake unatoka kwa wakati? Akiwa na malaria, anapelekwa hospitali kama mtoto wetu? Tunaweza kusifiwa mimbarani, na huku yeye ndiye anayejua vizuri kama tuna upendo.

Basi tunapendekeza jambo moja. Mwezi huu kila ushirika, wamama, wababa na vijana, uchague kazi moja ambayo haihitaji feza za mbali: kisima cha kusafisha, daraja la miti la kutengeneza, nyumba ya mjane ya kuezeka. Siku ikifika, mchungaji na wazee wa kanisa wawe wa kwanza kufika, na vyombo mikononi. Bwana Yesu, aliyejifunga kitambaa na kuosha miguu ya wanafunzi wake, atusaidie. Amina.