Maisha ya Sir John Charnley, Tabibu wa Nyonga

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Nataka kuwasimulieni habari za mtu ambaye hatumsomi katika vitabu vyetu vya historia, ingawa matabibu wa mifupa wa dunia nzima wanamjua kama sisi tunavyomjua Livingstone.

Sababu ya mimi kutafuta habari zake ni bibi zangu wawili. Mkubwa wao aliteleza shambani huko Muleba, chini ya migomba, siku ya mvua, akavunjika mfupa wa paja pale unapoingia nyongani. Wakati huo nilikuwa darasa la pili. Hakusimama tena. Alilala chumba cha ndani miezi minane, mgongo ukafanya vidonda, akafariki, na watu wakasema ni uzee. Miaka kadhaa baadaye mdogo wake, ambaye ndiye mama wa baba yangu, alivunjika mahali pale pale. Yeye leo anatembea kwa fimbo hapa Miembeni, na asubuhi hufagia uwanja kabla sisi hatujaamka. Aliyeleta tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni John Charnley. Sehemu nyingine ni fedha, nayo nitaieleza.

Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1911, katika mji wa Bury, kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya viwanda vya kufuma nguo. Baba yake alikuwa na duka la dawa na mama yake alikuwa muuguzi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka wa 1935, na mwaka uliofuata akashinda mtihani mkubwa wa wapasuaji. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi. Mwaka wa 1940 alikuwapo Dunkirk askari wa Kiingereza walipookolewa kwa meli, kisha akapelekwa Misri. Huko Cairo alipenda kukaa na mafundi wa karakana za jeshi akitengeneza nao vyombo vya kutibia mifupa. Tabia hiyo hakuiacha. Hata alipokuwa daktari mkubwa alikuwa na mashini ya kukereza nyumbani kwake.

Alikuwa pia mtu wa kujijaribia mwenyewe. Vita vilipokwisha alitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kilichopandikizwa kinavyoshika, akamshawishi tabibu mwenzake amkate kipande cha mfupa wa muundi wake mwenyewe. Mguu ukaingia vidudu, ikabidi apasuliwe tena. Mimi naona huo ulikuwa ukaidi, lakini maneno hayo tuyaweke akilini, kwa maana yatarudi.

Kabla ya Charnley wengi walikuwa wamejaribu kutengeneza viungo vya bandia. Karibu na mwaka wa 1890 Themistocles Gluck wa Berlin alichonga viungo vya pembe za ndovu, katika miaka ile ile ambayo misafara ilikuwa ikichukua pembe kutoka bara kwenda Bagamoyo na Unguja. Viungo vyake viliharibiwa na usaha. Mwaka wa 1923 Smith-Petersen wa Boston alitumia kikombe cha kioo, nacho kilivunjika. Baada ya vita, ndugu wawili wa Paris waitwao Judet waliweka kichwa cha plastiki ngumu katika mfupa wa paja.

Kiungo hicho cha Judet ndicho kilichomwamsha Charnley. Alikuja kwake mgonjwa mmoja aliyewekewa, akaeleza kwamba nyonga yake inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kila alipoinama mezani ililia, hata mkewe akawa hakai naye chumba kimoja. Mtu mwingine angecheka. Charnley alikwenda kupima msuguano wa viungo vya wanyama, akaona kwamba kiungo alichokiumba Mungu chateleza kuliko barafu juu ya barafu. Basi akafahamu kwamba shida ni msuguano: kichwa kikubwa kinachokwaruza hulegeza kiungo chote, kama mpini wa jembe unavyolegea kwa kutikiswa.

Akaamua mambo matatu. Kwanza, kichwa cha chuma kiwe kidogo sana, upana wa milimita 22 na kidogo, ili msuguano upungue. Pili, kikombe kiwe cha plastiki inayoteleza. Tatu, vyote vishikwe mfupani kwa saruji ya akriliki, dawa waliyoitumia matabibu wa meno. Ushauri huo aliupata kwa Dennis Smith wa chuo cha meno cha Manchester. Plastiki aliyoichagua ilikuwa Teflon, hiyo iliyopakwa katika vikaango visivyoshika chakula.

Wagonjwa walifurahi mno. Watu waliokuwa hawageuki kitandani walitembea bila maumivu, na karibu wagonjwa 300 wakawekewa. Lakini baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, vikombe vikaanza kulika. Unga wa Teflon ulienea katika nyama, ukafanya uvimbe na kula mfupa. Charnley aliwarudisha wagonjwa wale mezani, akatoa vikombe alivyoviweka kwa mikono yake mwenyewe. Wala hakuficha. Aliandika katika magazeti ya matabibu kwamba Teflon haifai, na ili kuthibitisha jinsi unga ule unavyodhuru, alijitia kidogo katika nyama ya paja lake mwenyewe, akangoja miezi, akaeleza uvimbe uliotokea.

Mwezi wa Mei, 1962, mfanya biashara mmoja alifika katika hospitali ya Wrightington, alikofanya kazi Charnley, akiuza gia za plastiki za mashini za kufumia nguo. Plastiki hiyo ilitoka Ujerumani na huitwa polithilini. Charnley aliitia ukucha, akaiona laini, akaondoka. Fundi wake, Harry Craven, hakuitupa. Aliifunga katika mtambo wa majaribio akauacha ukizunguka mchana na usiku. Baada ya majuma matatu ilikuwa haijalika hata kama Teflon inavyolika kwa siku moja. Charnley alipoonyeshwa, alikiri kwamba fundi ameona vizuri kuliko yeye. Hata hivyo alijitia plastiki hiyo pajani kwanza, karibu na ile Teflon, akaona haileti dhara. Mwezi wa Novemba, 1962, akaanza kuiweka kwa wagonjwa. Wanafunzi wenzangu mnaodhani fundi wa karakana hana habari na udaktari, fikirini jambo hilo.

Adui aliyebaki alikuwa vidudu. Mwanzoni wagonjwa kama 7 katika kila 100 walipata usaha ndani ya kiungo, na hilo ni balaa, kwa kuwa dawa haifiki vizuri penye chuma. Charnley alijenga chumba kidogo ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka kutoka juu daima, na wapasuaji wakavaa mavazi yenye mpira wa kuvuta pumzi zao nje. Hesabu hiyo ikashuka chini ya 1 katika 100. Tena kwa miaka mingi hakuruhusu nyonga yake iuzwe kwa tabibu asiyekuja Wrightington kujifunza. Baadhi walimwita mchoyo. Mimi nadhani alikumbuka wale 300.

Na kupona je? Siku zile Charnley alikata kwa msumeno kipande cha mfupa wa ubavu wa nyonga ili apate njia, kisha akakifunga kwa waya. Ilibidi mfupa huo ushike, kwa hiyo mgonjwa alilala kitandani majuma matatu, miguu ikitenganishwa kwa mto, halafu ndipo akafundishwa magongo. Baadaye matabibu walipata njia za kupita kati ya misuli bila kukata mfupa, na wakagundua kwamba kulala sana ndiko kunakogandisha damu miguuni na kuleta vidonda na homa ya mapafu. Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile au siku ya pili. Plastiki nayo imeimarishwa tangu mwisho wa miaka ya 1990, na katika nyonga zinazowekwa, zaidi ya nusu hudumu miaka 25. Makosa hayakukoma, lakini. Nyonga za chuma juu ya chuma zilisifiwa sana, kumbe unga wa chuma uliharibu nyama kama Teflon ilivyofanya, na mwaka wa 2010 kampuni moja kubwa ikaziondoa zake sokoni.

Charnley alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1977, akafariki tarehe 5 Agosti, 1982, mwenye umri wa miaka 70. Alikuwa amewaomba wagonjwa wake kibali kwamba wakifa, nyonga zao zirudishwe kwake azipime zimelika kiasi gani. Wengi walikubali.

Sasa nirudi kwa bibi. Katika nchi yetu upasuaji huu hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka wa 1996, na katika hospitali nyingine chache kubwa, wala si wazee tu wanaouhitaji. Vijana wenye seli mundu pia huharibika nyonga, kwa kuwa damu haifiki katika kichwa cha mfupa. Bibi alisafirishwa kutoka Bukoba mpaka Dar es Salaam amelazwa. Baba aliuza ng'ombe wawili, na ukoo ukachanga. Siku ya pili baada ya kupasuliwa, mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha. Alilia kwa hofu, akidhani mguu utakatika, kwa sababu alimkumbuka dada yake. Haukukatika. Alikatazwa kukaa kigoda kifupi na kukunja miguu, na amri hiyo imemsumbua kuliko kidonda, maana hajui kumenya ndizi akiwa amekaa juu kitini.

Anatakiwa kurudi Dar es Salaam kupigwa picha ya nyonga. Nauli tunaitafuta, na baba amesema tungoje kahawa ya msimu huu iuzwe.