Jacob Wainwright na Asili ya Jina Lake

Katika makanisa yetu ya pwani, hasa Freretown na Rabai, ziko jamaa zenye majina ya ukoo ya Kiingereza, nao wajukuu hawajui yalitoka wapi. Kwa ajili yao tunaeleza maisha ya mzee mmoja wa namna hiyo, Jacob Wainwright, ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vingi.

Jacob alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa Bara Hindi, mahali paitwapo Nasik, katika jimbo la Bombay. Huko chama cha CMS kilikuwa na makao ya Waafrika waliookolewa, yaliyoanzishwa na Mchungaji William Price. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, kisha wakabatizwa na kupewa majina mapya.

Tuyatazame basi majina hayo. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Matthew Wellington, Carus Farrar, Benjamin Rutton na Richard Rutton. Farrar lilikuwa jina la mmisionari aliyetumika Nasik. Lakini Wainwright je? Kwa Kiingereza cha zamani maana yake ni fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na wanyama. Mtu aweza kudhani kwamba Jacob aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi aliyojifunza. Sisi hatuoni hivyo, kwa maana Waingereza wengi huitwa Wainwright bila kuunda gari lo lote. Tena katika safari moja na Jacob alikuwamo John Wainwright pia. Desturi ya misheni nyingi siku zile ilikuwa kumpa mtoto jina la mfadhili au la mchungaji. Ndivyo Askofu Samuel Crowther wa Nigeria alivyopata jina la padre mmoja wa London. Yaelekea Jacob naye alipata lake kwa njia hiyo.

Mwaka 1872 vijana hao wa Nasik walipelekwa Unyanyembe, karibu na Tabora, pamoja na wapagazi waliotumwa na Stanley kumsaidia Dk. Livingstone. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma na Susi, wakuu wa msafara, walimwita Jacob kwa kuwa alijua kuandika. Yeye ndiye aliyeorodhesha vitu vya marehemu. Moyo ulipozikwa chini ya mti, Jacob alisoma ibada ya mazishi, kisha akachonga jina la Livingstone katika gamba la mti huo. Sehemu iliyochongwa ilikatwa mwaka 1899, nayo ikapelekwa London.

Mwili ulikaushwa, ukabebwa hata Bagamoyo kwa safari ya miezi mingi. Njiani Jacob aliandika shajara, nayo ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1874. Walifika pwani Februari mwaka huo. CMS ikamlipia Jacob nauli, akaufuata mwili mpaka Uingereza. Siku ya mazishi katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, watu wanane walikuwa wachukuzi wa heshima wa jeneza, na Mwafrika alikuwa yeye peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Baadaye Jacob alirudi Afrika ya Mashariki akaitumikia misheni. Alifariki huko Urambo mwaka 1892.

Hapa pana neno la kutufundisha. Mtu huyu alichonga jina la mwenzake katika mti lisipotee, na jina hilo lingali likisomeka. Lakini yeye mwenyewe ajulikana zaidi kwa jina la Nasik kuliko kwa jina alilopewa na mama yake katika nchi ya Wayao. Tumlinganishe na Matthew Wellington. Yeye aliishi Mombasa hata mwaka 1935, akapata watu wa kumwuliza. Kwa hiyo twajua kwamba kwao aliitwa Chengwimbe.

Wako vijana wanaoliona jina la babu yao kuwa la aibu, na wengine hulionea fahari ya bure. Yote mawili hayafai. Jina hilo ni ushuhuda wa mtoto aliyeibwa, akaokolewa, akaitwa upya, naye akasimama imara. Lakini chini yake lilikuwako jina jingine, na Mungu analijua. Basi, wazazi, waulizeni wazee wenu wangali hai, mkaandike majina yote mawili katika ukurasa wa mbele wa Biblia ya nyumbani. Mzee akisha kufa, hakuna wa kuulizwa.