Emmett Till na Mji wa Sumner

Wasomaji wetu wengi wamepata kulisikia jina la Emmett Till, kijana mweusi wa Marekani aliyeuawa mwaka 1955. Tumeona vema kuandika habari za maisha yake, ambayo yalikuwa mafupi, na pamoja nayo habari za Sumner, mji mdogo ambamo watu waliomwua walihukumiwa. Habari za mji huo hazijulikani sana kwetu, nazo zilichukua miaka mingi kuliko aliyoishi kijana mwenyewe.

Emmett alizaliwa Chicago tarehe 25 Julai 1941, lakini Chicago haikuwa asili ya wazee wake. Mama yake, Mamie, alizaliwa mwaka 1921 huko Webb, kijiji jirani na Sumner, katika jimbo la Mississippi, upande wa Kusini. Nchi ile ni tambarare, nchi ya pamba. Watu weusi walioilima walikuwa wazao wa watumwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, walakini mashamba yakabaki mikononi mwa mabwana. Mkulima alilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mara nyingi hesabu ya mwisho wa mwaka ilimwachia deni. Alizuiwa kupiga kura kwa hila na kwa vitisho. Tena mtu mweusi akidhaniwa kuwavunjia heshima watu weupe aliweza kutwaliwa usiku na kuuawa pasipo hukumu yo yote. Ndiyo sababu maelfu kwa maelfu walihamia kaskazini. Baba yake Mamie naye alihama, akapata kazi katika kiwanda cha mahindi huko Argo, karibu na Chicago, na mwaka 1924 jamaa yake wakamfuata.

Baba yake Emmett, Louis Till, alitengana na mkewe mtoto angali mchanga. Baadaye akawa askari, na mwaka 1945 akauawa huko Italia kwa hukumu ya jeshi. Vitu vyake vikarudishwa nyumbani, na miongoni mwavyo pete ya fedha yenye herufi za kwanza za jina lake. Tunaitaja pete hiyo kwa kuwa tutaihitaji mbele.

Emmett alipokuwa mdogo aliugua ugonjwa wa kupooza. Akapona, ila ulimwachia kigugumizi. Waliomjua husema alikuwa mchangamfu, mpenda mzaha. Kwa kuwa mama yake alishinda kazini, mtoto alijifunza kupika, kufua na kusafisha nyumba, naye akafanya kazi hizo kwa moyo.

Mwezi wa Agosti 1955 Moses Wright alikuja Chicago kutoka Mississippi. Huyu alikuwa mkulima wa pamba na mhubiri, mume wa ndugu ya bibi yake Emmett. Kwa desturi yetu kijana angemwita babu. Emmett akatamani kwenda naye kwa likizo. Mama yake hakupenda, maana aliijua nchi ile. Mwisho akakubali, baada ya kumwonya sana jinsi ya kunyenyekea mbele ya weupe. Akampa pete ya baba yake. Tarehe 20 Agosti akapanda gari la moshi.

Siku ya 24 vijana walikwenda dukani katika kijiji cha Money. Mwenye duka, Roy Bryant, alikuwa safarini, na mkewe ndiye aliyeuza. Ndugu zake Emmett waliokuwapo walishuhudia kwamba alimpigia mwanamke yule mluzi alipotoka nje. Mwanamke mwenyewe alitoa mahakamani maneno mazito kuliko hayo, wala hayakuthibitishwa kamwe. Nasi twasema kwamba hata kama mtoto wa miaka kumi na minne alikosa adabu, dawa yake ni kukaripiwa na wazee wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 28, Roy Bryant na ndugu yake kwa mama, J. W. Milam, wakaja nyumbani kwa Moses Wright na bastola, wakamtaka kijana. Mke wa Moses akawaahidi fedha wamwache, wasikubali. Siku tatu baadaye maiti yake ikaonekana katika mto Tallahatchie, imefungiwa shingoni kwa waya wa miiba feni nzito ya chuma ya kinu cha kuchambulia pamba. Uso ulikuwa umeharibika hata Moses Wright akamtambua kwa ile pete.

Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka azikwe siku ile ile. Mamie akakataa, akataka mwanawe aletwe kwake. Sanduku lilipofika Chicago akaamuru lifunguliwe, akamkagua mtoto wake tangu miguu hata kichwa. Kisha akakata shauri kwamba jeneza likae wazi kanisani, ili watu wote waone aliyoyaona yeye. Makumi ya maelfu wakapita mbele ya jeneza lile katika kanisa la Roberts Temple, na gazeti la Jet likachapisha picha. Tarehe 6 Septemba akazikwa katika makaburi ya Burr Oak.

Hukumu ilianza Sumner tarehe 19 Septemba. Mji ule haukuwa na watu elfu moja. Katikati yake lilisimama jengo la mahakama, na mbele yake sanamu ya askari wa Kusini waliopigania kudumu kwa utumwa. Waamuzi kumi na wawili walikuwa weupe wote, maana walichaguliwa katika waliojiandikisha kupiga kura. Mamie akaja kushuhudia katika wilaya ile ile aliyozaliwa. Moses Wright akaulizwa ni nani aliyekuja usiku ule. Akasimama, mzee wa miaka sitini na minne, akawaonyesha kwa kidole watu wale wawili mbele ya umati wa weupe. Aliyemwonyesha mtu mweupe kidole namna ile katika Mississippi aliweka roho yake rehani. Baadaye akaondoka, asikae tena katika nchi aliyoilima maisha yake yote. Shahidi mwingine, Willie Reed, kijana wa miaka kumi na minane aliyesikia mapigo na vilio kutoka ghalani, naye alikimbilia Chicago.

Mawakili wa washitakiwa walidai kwamba labda maiti si ya Emmett. Waamuzi wakashauriana kwa dakika 67, wakarudi, wakasema watu wale hawana hatia. Mwezi wa Januari 1956 wote wawili wakakiri katika gazeti, kwa malipo ya fedha, ya kuwa ndio waliomwua. Sheria ya Marekani haikuruhusu wahukumiwe mara ya pili kwa kosa lile lile. Wakafa bila kuadhibiwa, Milam mwaka 1980 na Bryant mwaka 1994.

Nje ya Sumner jina la Emmett lilienea. Rosa Parks, ambaye mwezi wa Desemba 1955 alikataa kumwachia mtu mweupe kiti katika basi huko Montgomery, alikuwa amesikia habari za kijana huyu mkutanoni siku chache tu kabla. Lakini Sumner kwenyewe watu walinyamaza. Weupe walinyamaza kwa aibu, au kwa kuona kwamba shauri limekwisha. Weusi walinyamaza kwa hofu. Watoto wengine walikua katika wilaya ile wasiambiwe neno. Miaka ikapita hamsini.

Mwaka 2006 Jerome Little, mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa baraza la wilaya, alianzisha kamati ya watu kumi na wanane, weusi tisa na weupe tisa. Miongoni mwa weupe alikuwamo Betty Pearson, aliyekuwa amehudhuria hukumu ya mwaka 1955. Haifai kuficha kwamba jengo la mahakama lilikuwa likichakaa na wilaya ilikuwa maskini. Wako waliokubali kazi hii kwa kutumaini kwamba fedha za kulitengeneza zitapatikana. Tena walibishana juu ya maneno: je, waombe radhi, au waseme tu kwamba wanasikitika? Neno moja liliwachelewesha. Sisi hatuwacheki, maana kila aliyepata kusuluhisha ugomvi wa jamaa anajua jinsi neno hilo lilivyo gumu kutoka kinywani, hasa kwa mtu anayejiona kwamba hakutenda yeye, walitenda baba zake.

Hata hivyo likatoka. Tarehe 2 Oktoba 2007, mbele ya mahakama ile ile, na sanamu ya askari ingali imesimama, wakasoma kwa zamu, weusi kwa weupe, tamko la kukiri kwamba haki haikutendeka, na kuwaambia jamaa za Emmett masikitiko yao makubwa. Jamaa hao walikuwapo. Baadaye chumba cha hukumu kilitengenezwa kifanane na kilivyokuwa mwaka 1955, ili wageni waweze kuona.

Wala si wote waliokubali. Mwaka 2008 kamati iliweka kibao kando ya mto, mahali panaposimuliwa kuwa ndipo maiti ilipotolewa. Kikaibwa. Cha pili kikapigwa risasi nyingi, cha tatu vile vile. Mwaka 2019 wakasimamisha cha nne, cha chuma kisichopenya risasi, chenye uzito wa zaidi ya kilo 220. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mahali pale, pamoja na mahakama ya Sumner na kanisa la Roberts Temple, kuwa ukumbusho wa taifa kwa jina la Emmett na la mama yake.

Mamie hakuyasikia maneno yaliyosomwa Sumner. Alifariki tarehe 6 Januari 2003, mwenye miaka 81, akazikwa Burr Oak, katika makaburi yale yale alimolazwa mwanawe.